Msusi wa Malkia na Fundi wa Lifti

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umefurika. Wenye viti walivikalia kama urithi wa babu zao. Wasio na viti walijibanza ukutani wakijipepea kwa bahasha. Kipaza sauti kilikoroma namba ambazo hakuna aliyezisikia vizuri, na kila namba iliposomwa watu walitazamana kana kwamba kuna aliyeitwa kwa kosa la jinai. Katikati ya kero hiyo yote, mwanamume mmoja akaangua kicheko.

Hakikuwa kicheko cha kuficha mdomo. Kilikuwa cha tumboni, cha mtu aliyejisahau kabisa. Watu wakageuka. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini na viatu vizito vya kazi, na mikononi alishika kitabu chenye jalada la waridi, kidogo mno kwa vidole vile vinene.

Mwanamke aliyekaa nyuma yake alilijua jalada lile. Kazini walimwita Jicho, kwa kuwa alikuwa fundi wa miwani: kutwa nzima alikuwa chumba cha nyuma cha duka, akisaga lenzi na kuzipachika kwenye fremu. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kijani lenye vifungo mpaka shingoni, na hakuwa amezungumza na mtu tangu aamke. Sauti yake ilipotoka, ilimshangaza hata yeye.

"Ni pale bata anapomeza pete ya mfalme?"

Mwanamume akageuka, macho yakiwa bado yana machozi ya kicheko. "Umejuaje, dada?"

"Kwenye kitabu cha pili hakuna kingine cha kumchekesha mtu namna hiyo."

"Baraza zima! Mawaziri na majoho yao, wanamfuata bata bustanini, wanasubiri..." Akashindwa kumaliza.

"Wanasubiri kwa heshima zote," Jicho akamalizia, na wote wawili wakapasuka kwa kicheko. Mlinzi akaja kuwauliza kama wanadhani hapa ni nyumbani kwao.

Hivyo ndivyo *Msusi wa Malkia* alivyowakutanisha. Ulikuwa mfululizo wa vitabu saba vya vituko vya kale, juu ya msusi wa ikulu anayejua siri za kila kichwa anachokisuka. Huozesha watu wasiopatana na kuvuruga vita kabla havijaanza, huku karani wa mfalme akimposa kitabu baada ya kitabu bila kupewa jibu. Wasomaji wenye kujisikia waliviita vitabu vya kuulia muda. Jicho hakujali. Mumewe alikuwa amesafiri kikazi nchi za mbali. Simu zake zikapungua, zikawa ujumbe, ujumbe ukawa neno moja moja, na mwisho ikaja habari kwamba huko ana mke mwingine. Tangu hapo Jicho hakusoma kitabu cha kuhuzunisha. Ya kuhuzunisha alikuwa nayo ya kutosha.

Mwanamume alikuwa fundi wa lifti. Kabla namba yake haijaitwa alikuwa ameshamwingiza Jicho kwenye kundi lao la wasomaji la simuni, lililoongozwa na muuguzi mstaafu ambaye wote walimwita Mwenyekiti. Humo watu walipendekezeana vitabu, wakabishana na kutaniana. Lakini mazungumzo yaliyomfanya Jicho aharakishe kurudi nyumbani hayakuwa ya kundini.

"Jicho, umekula?" Fundi alikuwa akimuuliza kwa simu kila jioni.

"Nimekula. Wewe?"

"Mkate na chai. Usinicheke. Haya, fungua kitabu cha tatu, sura ya karani kujificha kwenye kapu la nguo chafu."

"Soma wewe. Mimi napiga pasi."

"Sauti yangu ni ya kuzungumza na mashine."

"Soma, bwana, usijidekeze!"

Naye alikuwa akisoma, akiikosea sauti ya malkia kwa makusudi. Jicho aliishi chumba na jiko, ghorofa ya tatu, dirisha likitazamana na ukuta wa jirani. Zamani alikuwa akirudi tu anawasha redio, ili pawe na mtu anayesema "habari za jioni". Sasa redio ilikaa kimya, na yeye alianza kupaka mafuta mazuri na kuvaa hereni kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa akimwona. Dada yake alipompigia akamwambia, "Mbona unacheka ovyo? Nani huyo?" Jicho akamjibu kwamba ni kitabu.

Siku za mapumziko walikutana. Walikwenda kwenye meza za vitabu vilivyotumika, nyuma ya soko, wakatembea bila haraka. Siku moja Fundi alimshika mkono kumvusha barabara, na walipofika upande wa pili hakuuachia.

"Barabara imeisha," Jicho akasema.

"Naona nyingine kule mbele," akajibu Fundi.

Kitu kimoja tu kilimtatiza. Walipomaliza kitabu cha nne, Fundi hakutaka kuanza cha tano. Kila akikumbushwa alikuwa na sababu: kazi, uchovu, macho.

"Macho? Unamwambia fundi wa miwani habari za macho?"

"Nipe muda kidogo, mpenzi," akasema, na utani ukamkauka mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na Jicho alilewa neno lile hata akasahau kuuliza zaidi.

Kisha mwanachama mpya akaandika kundini. Alikuwa ametoka hospitali, kichwa kimechoka, anaomba apendekezewe mfululizo wa mambo ya kale, mwepesi, usio na vita wala misiba. Majibu yakamiminika. Jicho alikuwa kazini, lenzi mkononi, akichungulia simu kwa pembeni. Jina la Fundi likatokea.

"Anza na *Msusi wa Malkia*," aliandika. "Mke wangu anaupenda mno. Akifika kwenye bata hucheka mpaka anashika mbavu."

Lenzi ikamponyoka, ikavunjika sakafuni. Jicho hakuinama kuiokota.

Mke wangu. Anaupenda. Hucheka.

Kwa hiyo alikuwapo mwanamke, yupo nyumbani, anacheka. Na yeye Jicho ndiye aliyekuwa akipigiwa simu pembeni, sawa na yule mwanamke wa mbali aliyemchukua mumewe. Alijiapiza zamani kwamba hatamfanyia mwanamke mwenzake jambo alilofanyiwa yeye. Akajitoa kundini papo hapo. Jioni simu ilipoita, akaipokea akiwa amesimama.

"Jicho, mbona umetoka kundini? Nani kakuudhi?"

"Msalimie mkeo," akasema.

Alimsikia akivuta pumzi, kama mtu aliyepigwa teke la tumbo. Jicho alisubiri ajitetee, alie, hata adanganye. Fundi akakata simu.

Hakupiga tena.

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwongo angebembeleza. Siku zilipita, Jicho akijikaza kisabuni. Redio ikarudia kazi yake. Hereni zilikaa kwenye kisosi karibu na sinki. Alijaribu kufungua kitabu cha tano peke yake, lakini kila alipomkuta malkia alimsikia kwa sauti ile mbovu ya makusudi, akakifunga. Alikula akiwa amesimama jikoni, kwa kuwa kukaa mezani kulimfanya aone kiti cha pili.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuja dukani. Alitaka kubadilishiwa miwani, lakini alipofika dirishani alimtaka fundi wa nyuma. Alikuwa mama mnene, wa maneno machache.

"Binti yangu, wewe ndiye Jicho? Umemfanyia nini yule kijana? Haandiki kundini, hapokei simu."

"Muulize mkewe, mama," Jicho akajibu.

Yule mama akavua miwani. Akamtazama kwa muda mrefu, kama anayepima jeraha. "Mkewe alifariki mwaka juzi. Mimi ndiye niliyetangaza kundini, tukachanga, tukaenda kuzika. Ugonjwa ulimkuta wako kitabu cha nne. Alikuwa akimsomea mumewe kwa sauti. Hukujua?"

"Ameandika 'anaupenda'," Jicho akanong'ona. "Ameandika 'hucheka'."

"Huongea hivyo siku zote. Sisi tulishamzoea, mwanangu. Bila shaka naye alidhani unajua."

Msalimie mkeo. Mtu amezika mkewe, halafu mwanamke aliyemwita mpenzi anamtupia neno kama lile.

Akamuuliza Mwenyekiti jengo analofanyia kazi Fundi siku hizo, akaomba ruhusa, akatoka na aproni yake.

Alimkuta Fundi, au tuseme alilikuta jengo lake: la ofisi, refu, watu wakipanda ngazi huku wakilaani. Lifti ilikuwa wazi chini, imewekewa kibao cha matengenezo.

"Fundi yuko juu kabisa, chumba cha mashine," msimamizi wa jengo alimwambia. "Ingia humo ubonyeze kile kitufe cha kengele. Ndivyo tunavyoongea naye."

Jicho akaingia. Milango ikajifunga nyuma yake. Akabaki na sura yake kwenye kioo: macho mekundu, nywele zimechomoka, vumbi la lenzi shavuni. Akabonyeza.

"Nimesema bado," sauti ikakwaruza kutoka kwenye vitundu vya ukutani. "Nipe nusu saa."

"Ni mimi."

Juu huko nyundo iliwekwa chini.

"Sikujua," Jicho akasema haraka, kabla ujasiri haujamwisha. "Naapa sikujua. Nilisoma 'anaupenda' nikadhani yupo nyumbani anakungoja. Nilidhani umenifanya mimi yule mwanamke wa pembeni. Mwenyekiti ndiye aliyeniambia, leo hii. Ningejua, Fundi, ningeuma ulimi wangu ukatike."

"Nilidhani unamcheka," Fundi akasema. "Nilikaa na simu mkononi nikajiuliza, nimekosea wapi hata mtu ninayempenda amcheke marehemu wangu."

"Nisamehe."

"Kosa si lako peke yako. Mimi ndiye nisiyeweza kulisema." Akakohoa. "Alipenda. Unasikia? Alipenda vile vitabu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kulitamka hivyo. Nikilitamka, naona kama mimi ndiye ninayemfukia."

Jicho akaegemeza paji la uso kwenye chuma baridi. Machozi yalimtoka bila kelele. Alimlilia mtu ambaye hakumjua, akajililia na yeye mwenyewe. Lakini lilikuwapo swali, na asingeweza kuondoka nalo.

"Niambie kweli. Siku ile ukumbini, ulinipenda mimi, au ulipata mtu wa kukaa kwenye nafasi yake na kugeuza kurasa?"

Angeweza kudanganya, na Jicho angejua.

"Mwanzoni nilipata mtu wa kugeuza kurasa," akasema polepole. "Sitakuficha. Nilitaka tu kusikia mwanamke akicheka mahali palepale. Lakini baada ya bata, wewe hukucheka mahali pake. Wewe ulicheka kwenye kapu la nguo chafu, ambapo yeye alisema karani ni mjinga. Nikaanza kungoja jioni nijue utacheka wapi. Ndipo nikaogopa cha tano. Hakukifikia. Niliona nikikisoma na wewe, nitakuwa nimemwacha njiani."

"Basi usikisome na mimi."

"Sitakisoma na wewe. Hicho nitakisoma peke yangu, na cha sita, na cha saba, nimmalizie. Umekasirika?"

"Hapana," Jicho akasema, akashangaa kuona kwamba ni kweli. Iliuma kidogo, kama mahali palipotolewa mwiba.

Lifti ikatikisika, ikaanza kupanda taratibu sana. Ilipofunguka, Fundi alikuwa amesimama kwenye korido nyembamba chini ya dari, mikono imejaa grisi, amekonda. Hakumkumbatia. Aliinyanyua ile mikono amwonyeshe ilivyo michafu, na Jicho akaishika hivyohivyo, grisi ikapakaa aproni.

"Nataka unipendekezee kitu," Fundi akasema. "Kama tunavyoombana kundini. Mfululizo mwepesi, wa mambo ya kale. Lakini uwe ambao yeye hakuusoma, na mimi sijausoma. Nianze na wewe ukurasa wa kwanza."

Jicho alipangusa pua kwa mkono wa gauni, akawaza. Hakutaka kukosea.

"Upo mmoja," akasema. "Wa tarishi wa zamani na punda wake. Wanapeleka barua za wakubwa nchi nzima kabla ya barabara. Punda ana tabia ya kung'ata watu wenye vyeo."

Mdomo wa Fundi ukacheza upande mmoja. "Vitabu vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa? Mama yangu! Hivyo si tutazeeka navyo?"

"Ndiyo maana nimevichagua," Jicho akasema.