Mbwa wa Bibi Ahamia kwa Kamanda

Kila asubuhi mbwa Kamanda aliamka kabla ya watu. Alizunguka ua mara moja, akanusa lango, kisha akangoja mtoto wa nyumba atoke kwenda shule. Mtoto huyo alikuwa binti wa miaka tisa. Nyumbani walimwita Maswali, na jina hilo alilipata kwa haki. Kamanda alimsindikiza hadi langoni, halafu akarudi kulala chini ya meza ya kazi ya fundi, juu ya gunia lake lililotandikwa kwenye maranda ya mbao.

Fundi ndiye baba wa nyumba. Alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa palepale uani. Mkewe alipika katika shule ya jirani. Miaka saba waliishi na Kamanda, na ua ule ulikuwa wake. Hata wateja walijua kwamba anayesalimiwa kwanza ni mbwa, fundi baadaye.

Siku moja mama yake fundi aliteleza bafuni kwake. Alikuwa akiishi peke yake na mbwa wake mdogo, Tulia. Bibi alilala sakafuni saa tatu nzima, hawezi kuinuka. Tulia alibweka mpaka majirani wakaja kuvunja mlango.

"Mama, sasa basi," fundi alimwambia. "Njoo ukae na sisi."

"Nitakuja, mwanangu. Lakini Tulia asipokuja, na mimi siji. Huyu ndiye aliyeniitia watu."

Fundi alikubali hapo hapo. Nyumba iliyolea mbwa mmoja ingeshindwaje kulea wawili?

Jumamosi Bibi akafika. Kabla hajashuka vizuri garini, Tulia alikwisharuka na kuingia uani. Alinusa meza, akanusa maranda, akanusa na Kamanda. Kutulia alikuwa hajui hata kidogo. Kamanda alisimama kama gogo.

Sasa, watu wa nyumba hii walikuwa na desturi yao. Mgeni akija, Maswali humwachia kitanda na kulala chini kwenye mkeka. Mgeni hupewa sahani nzuri na kipande kikubwa. Mtoto akinuna, hukemewa. Basi nao wakamkaribisha Tulia vivyo hivyo. Mke wa fundi alichukua bakuli la Kamanda, akalisugua, akampa Tulia. Gunia la Kamanda likatandikwa karibu na mlango wa Bibi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema huku akicheka.

Mwenyeji hakupona. Kamanda aliangalia bakuli lake, akanguruma.

"Huna haya wewe!" fundi alimfokea. "Mgeni huyu!"

Kesho yake Kamanda akanguruma tena, naye akachapwa kofi la mgongo. Siku ya tatu hakunguruma. Familia ikafurahi. "Mmeona?" fundi alijisifu. "Mbwa ni kama mtoto, anahitaji kuonywa tu."

Jioni ile ile Tulia alikuwa anakula. Kamanda alimwendea kimya kimya, akamrukia na kumng'ata sikio. Kelele zikajaa uani. Fundi alitaka kuingiza mkono katikati yao.

"Usitie mkono!" mkewe alipiga kelele. Alinyakua ubao mpana uliokuwa umeegemea ukuta, akausukuma katikati ya mbwa wale wawili. Wakaachana. Kamanda alifungiwa karakanani, Tulia akakimbilia miguuni kwa Bibi, damu zinamtiririka.

Hakuna aliyekula kwa raha usiku huo. Bibi ndiye aliyeanza kusema.

"Mwanangu, nirudishe kwangu. Sikuja hapa kukuvurugia nyumba."

"Mama, ukianguka tena?"

"Nikianguka, nimeanguka. Tulia simtupi."

"Basi tumtoe Kamanda," fundi alisema kwa sauti ndogo. Maswali aliposikia hayo aliangua kilio, na baba yake akajuta kufungua mdomo. Alijiona yuko njia panda: amwache mama yake arudi peke yake, au amfukuze mbwa aliyemlinda mwanawe miaka saba.

Asubuhi waliita daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na viatu vyenye matope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu."

Daktari alisafisha jeraha, akalishona. Aliomba kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa, akaziona zote mbili ziko sawa. "Vizuri," alisema. "Mbwa asiyechanjwa asiletwe kwa mwenzake. Haya, nielezeni mlivyowakutanisha."

Walimweleza yote: bakuli, gunia, kofi la mgongo. Daktari alitikisa kichwa.

"Mmekuwa wakarimu kwa mali ya mtu mwingine," alisema. "Kamanda hajui desturi ya wageni. Ameona mbwa asiyemjua anaingia kwake, anapewa chakula chake na pahali pake pa kulala. Akalalamika, akapigwa."

"Lakini daktari, mbwa anayenguruma si mkali?" aliuliza mke wa fundi.

"Kunguruma ni maneno yake. Anasema: sijapenda, nipe nafasi. Ninyi mmemkataza kusema. Akabaki na meno tu."

Fundi aliinamisha kichwa. "Mimi nilidhani watazoeana wenyewe."

"Fundi, ukiletewa mbao leo, unatengeneza mlango leo leo?"

"Hata kidogo! Mbao zinakaa kwanza karakana wiki mbili, zizoee hewa ya humu. Ukiharakisha, mlango unapinda."

"Kumbe unajua," daktari alisema.

Bibi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Lakini hakuyumba. "Nitangoja wiki tano," alisema. "Wakiendelea kuumana, narudi kwangu na Tulia wangu."

Daktari alikaa nao saa nzima, na Maswali alimuuliza kila kitu. Siku hiyo hiyo Kamanda alirudishiwa bakuli lake na gunia lake. Tulia akapata vyake vipya. Fundi alitengeneza lango la fito lenye kimo cha kiuno, akalitia bawaba na komeo, akaugawa ua pande mbili kwa uzio na lango hilo. Mbwa waliweza kuonana na kunusana, lakini si kuumana. Kila mmoja alikula upande wake, mbali na lango. Kila jioni Maswali alichukua kitambaa alicholalia Tulia akampelekea Kamanda, na cha Kamanda akampelekea Tulia.

"Kwa nini tunawabadilishia matambara, baba?"

"Daktari kasema mbwa humjua mwenzake kwa pua kwanza. Kama unavyopokea barua kabla hujamwona aliyeiandika."

Sikio la Tulia lilipopona, walianza matembezi. Hawakutembea uani, bali katika uwanja wa mpira ulio nyuma ya shule, ambao haukuwa wa Kamanda wala wa Tulia. Fundi alimshika Kamanda kwa kamba, mkewe akamshika Tulia. Walikwenda upande mmoja, hatua ishirini kati yao. Daktari alikuwa ameonya wasiwakutanishe uso kwa uso.

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Fundi alikuwa na hofu, kwa hiyo aliivuta kamba kwa nguvu. Kamanda naye akakakamaa, manyoya ya mgongoni yakasimama, akamkazia macho Tulia.

"Baba, kamba!" Maswali aliita. "Daktari alisema ilegee! Ukimvuta, anajua unaogopa!"

Fundi alipumua, akalegeza kamba, akageuza njia kidogo. Kamanda akatazama kando. Alipotazama kando tu, fundi alimpa kipande cha nyama. Kesho yake wakatembea hatua kumi na tano kati yao. Siku ya nane, hatua tano. Siku ya kumi mbwa wakanusana nyuma, muda wa kuhesabu hadi tatu, kisha wakaitwa na kuendelea na safari. Kamanda alitikisa mkia. Fundi alirudi nyumbani akitembea kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyenuswa.

Baadaye walianza kufungua lango la fito, dakika chache tu, mtu mzima akiwapo. Mabakuli na mifupa viliondolewa kwanza. Siku moja Tulia alisogea hadi kwenye maranda chini ya meza. Kamanda akanguruma. Mke wa fundi alikwishainua mkono. Akaushusha.

"Tulia, njoo huku," aliita kwa sauti ya kawaida.

Lakini Tulia alikuwa ameshaelewa. Alirudi nyuma mwenyewe, akalala mahali pengine. Kamanda akanyamaza, akaweka kichwa chini.

"Umeona?" mke wa fundi alimnong'oneza mumewe. "Kasema, na mwenzake kasikia. Kumbe sisi ndio tulikuwa tunawakatiza."

Bado hawakuwaacha peke yao. Wakitoka wote, lango lilifungwa. Daktari aliwaambia wasilegeze mambo hayo hadi miezi michache ya amani ipite, na chakula kiendelee kutengwa siku zote.

Jumapili ya wiki ya tano, Bibi alikuwa ameketi kibarazani akichambua mboga. Tulia alikimbia duara uani, akainama mbele ya Kamanda, matako juu. Ndivyo mbwa wanavyosema: tucheze. Kamanda alimtazama kama mzee anayeombwa acheze ngoma. Halafu akainuka, akamkimbiza mzunguko mmoja mzito. Kisha wote wawili walilala kivulini wakihema, hatua mbili kati yao.

Fundi alisimama mlangoni mwa karakana na randa mkononi. Alitaka kumwuliza mama yake ameamuaje, lakini aliogopa jibu. Bibi hakuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Kesho upite kwenye ile nyumba yangu. Itafutie mpangaji."

Fundi aliweka randa chini. Alikwenda akaketi sakafuni karibu na mama yake, akaanza kumsaidia kuchambua mboga.