Mahindi Yaliyooshwa Luapula

Lori la Fuso lilikuwa mbele kidogo, limejaa samaki wakavu hadi juu ya bodi, na harufu yake ilimfikia Victorine Katongo hata vioo vya gari vikiwa vimefungwa.

Chini ya samaki kulikuwa na mahindi.

Chini ya lori kulikuwa na kifaa cheusi chenye sumaku, kidogo kama kipande cha sabuni. Victorine alikuwa amekibandika mwenyewe kule Kasenga asubuhi, akijifanya anafunga kamba za viatu. Sasa nukta nyekundu ilitambaa kwenye simu yake ya Samsung, na Toyota Ractis yake kuukuu ikaifuata ile nukta.

Redio ya Motorola ikakohoa.

"Kinu, hapa Mnara. Uko wapi?" Kinu lilikuwa jina lake la kazini; Mnara alikuwa mkubwa wake.

"Karibu na barieri ya kuingia mji. Polisi wako tayari. Minangoja neno yako tu."

Mbele, lori lilipunguza mwendo kuelekea kizuizi.

"Acha mvua inyeshe."

Victorine alidhani hakusikia vizuri. Katika lugha yao ya siri, maneno hayo yalikuwa na maana moja: lipite.

"Kanali, hii mahindi inaua bantu."

"Ninajua." Sauti ya Kanali Zéphirin ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kula. "Ni kamio moja, lori moja tu. Juma lijalo Hartog atakaa meza moja na bakubwa, bale banamufunguliaka njia. Tukimushika leo, tunapata dagaa. Tukingoja, tunapata samaki mukubwa. Hii kamio ni chambo."

"Chambo ni bantu, Kanali."

"Ni amri, Kinu."

Redio ikazimika.

Mahindi yale hayakuwa chakula. Yalikuwa mbegu, yamepakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu, yazikwe ardhini na si tumboni. Yalipoharibika ghalani katika nchi moja ya kusini, mfanyabiashara aliyeitwa Hartog alilipwa ayachome moto. Hakuyachoma. Aliyavusha mto Luapula, akayaosha humo mtoni mpaka wekundu ukatoka, akayaanika juu ya mikeka ya samaki. Wekundu ulitoka wote. Sumu haikutoka yote. Mwezi uliopita, kwenye matanga huko Kampemba, watu walikula bukari, ugali wa mahindi hayo, na kabla jua halijazama baadhi ya waliokuja kumlilia marehemu wakawa marehemu wenyewe.

Victorine alikuwa amesimama kwenye mazishi yao, amevaa kitenge kama majirani wote, akitazama nyuso.

Lori lilisimama kizuizini. Polisi wa barieri alimtazama Victorine, akingoja ishara. Mwanamke huyu wa makamo, mwenye goti bovu na nywele zilizoanza mvi, alikuwa na bastola aina ya Glock chini ya kitenge na mamlaka ya kusimamisha chochote kwenye barabara ile.

Akainua mkono, akaupunga kuelekea mjini.

Chuma kikapanda. Lori likapita.

Miaka zaidi ya ishirini alikuwa katika kazi hii. Alipoanza, alitarajia siku moja atakutana na shetani uso kwa uso. Hakukutana naye. Aliwakamata wauza bunduki na wauza watu, na kila mmoja alikuwa na picha ya watoto kwenye pochi, na kila mmoja alinawa mikono kabla ya kula. Kila mmoja alikuwa na sababu. Hilo ndilo lililomchosha, kuliko risasi na kuliko goti.

Leo na yeye alikuwa na sababu. Ameamriwa.

Nukta ilikata kona Kampemba, ikaingia mtaa wa Bel-Air, ikasimama.

Victorine aliegesha ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha kuuzia makaa. Aliliona geti la buluu, akaona depo, ghala la kuuzia unga, akaona kinu cha kusaga. Kisha akamwona mwenye depo akitoka kulipokea lori, mikono mfukoni, akitabasamu.

Akainama kuelekea kioo ili amwone vizuri.

Idara yao ya upelelezi ilikuwa inamjua Hartog. Haikumjua mpokeaji wa mjini. Victorine alimjua. Alikuwa Paulin Mwaba, mwimbishaji wa kwaya ya parokia. Baba zao wawili waliendesha treni pamoja, na siku ya kumzika baba yake Victorine, jeneza lilikuwa juu ya bega la huyu Paulin.

Samaki wakashushwa. Magunia yakashushwa. Mota ya kinu ikaanza kunguruma, na wanawake wakaanza kupanga foleni na mabeseni yao, wakicheka juu ya jambo fulani. Unga ulikuwa haba mjini mwezi ule. Huku unga ulikuwepo, tena kwa bei nafuu.

Victorine alikaa. Alijiambia Kanali anaona mbali kuliko yeye. Alijiambia dakika moja zaidi, apange mawazo. Alijiambia labda safari hii wameyaosha vizuri zaidi.

Akajisikia akijiambia.

Akafungua mlango wa gari.

Alipita foleni, akaingia ndani, akavuta swichi kubwa ya umeme ukutani. Kinu kikafa.

"Bamama, bunga imeisha," alisema. "Murudi kwenu. Hakuna atakayebeba hata kiganja."

Walinung'unika, lakini waliona kitu usoni mwake, wakaondoka na mabeseni matupu. Dereva wa lori aliona kitako cha Glock. Naye akaondoka, mbio, simu sikioni.

Paulin alitoka ofisini. "Victorine? Mudogo yangu, kuko nini?"

"Tuingie, yaya." Alimwita kaka, kama tangu utotoni.

Ofisini kulikuwa na rozari ukutani na kalenda ya parokia. Victorine alitoa mfukoni kijiti cha karatasi cha kupimia sumu, akakichovya kwenye glasi ya maji aliyotia unga kidogo. Kijiti kikageuka zambarau. Hakueleza. Paulin hakuuliza, na kutouliza kwake kulitosha.

"Kwako munakula bunga gani, yaya Paulin?"

Alitazama dirisha.

"Nimekuuliza. Mama ya batoto anapika bunga gani?"

"Ya dukani," alisema polepole. "Ya Zambia. Ya mufuko."

"Juu ya nini haumupelekee hii? Si iko yako?"

Paulin aliketi. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini, bila kujitetea sana. Mara ya kwanza hakujua. Mara ya pili alihisi ladha ngeni, Hartog akamwambia ni dawa ya kawaida, waoshe zaidi. Halafu yakaja yale matanga.

"Niliimba kwa ile mazishi," alisema. "Nilisimama pale mbele, nikaimba. Na nilijua. Kila mara minajiambia, hii moja tu, kisha minaacha. Si kama nilitaka bantu bafe, Victorine. Sikutaka kitu. Njo ile iko mubaya zaidi, sikutaka kitu."

Victorine alimwelewa. Asingetaka kumwelewa. Saa ileile aliyokaa garini ilikuwa ndugu mdogo wa miezi ya Paulin.

"Kuna unga uliotoka humu leo?"

Paulin aliinua kichwa.

"Jeanne," alisema. "Yule mama wa kinu. Kila tukianza kusaga, anachukuaka beseni yake ya kwanza. Alitokea mulango ya nyuma, akaenda kupikia batoto. Anaishi ng'ambo ya reli, nyumba ya mulango ya kijani, nyuma ya kisima."

Simu ya Paulin ikaita mezani. Victorine alibonyeza kipaza sauti, akamwashiria ajibu.

"Paulin." Kiswahili cha Hartog kilikuwa cha kujifunza mijini, kikavu. "Dereva anasema kuko mwanamke na bastola. Mimi naondoka. Ninafunga mizigo, naenda mpakani. Wewe hunijui."

Simu ikakatika. Victorine alikuwa tayari amepiga ya kwake.

"Kanali, Hartog anakimbia. Yuko nyumbani kwake Makomeno. Tuma polisi sasa."

"Juu ya nini anakimbia?"

"Nimesimamisha kinu."

Alisikia pumzi ndefu. "Umeharibu kazi ya mwaka mzima. Situmi muntu. Kwanza niongee na bale ba juu."

"Ongea nao," alisema Victorine, akakata.

Njia mbili. Makomeno ilikuwa upande mmoja, nyumba ya Jeanne upande mwingine. Alikuwa na gari moja na mwili mmoja, tena umechoka.

Kwenye meza kulikuwa na funguo za Land Cruiser ya Paulin. Alizisukuma mbele yake.

"Miye naenda kwa Jeanne," alisema. "Unajua nyumba ya Hartog. Iko na geti moja tu. Sikufungi pingu. Sikwambii kitu ya kufanya."

"Na nikikimbia?"

"Utakuwa umekimbia."

Hakumwamini. Alikuwa tu hana mkono wa tatu.

Ractis ilirukaruka juu ya reli, honi ikilia mfululizo. Mlango wa kijani. Kisima. Victorine aliruka nje, goti likamchoma, akaingia uani bila hodi.

Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa bado na moto. Bukari ilikuwa mezani, nyeupe, inafuka moshi, na pembeni yake sombe, mboga ya majani ya muhogo. Watoto walikuwa wamenawa. Yule mdogo kabisa alikuwa amekata tonge, amelibonyeza kwa kidole gumba, amelichovya.

Victorine alimshika kifundo cha mkono.

Tonge likaanguka chini.

"Weye ni nani?" Jeanne alisimama, mwiko mkononi. "Unakuya kwa nyumba ya bantu, unatoa chakula mu mukono ya mutoto?"

"Kuna aliyekula?"

"Tulingojana. Lakini weye ni nani?"

Victorine hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Alichukua kijiti cha pili, akakichoma katikati ya bukari. Wote wakatazama. Zambarau ikapanda taratibu kama maji kwenye utambi.

"Ile matanga ya mwezi jana," alisema. "Bale balikufa. Ni hii."

Jeanne aliutazama unga. Akawatazama watoto wake, mmoja mmoja. Kisha akaketi chini kwenye vumbi.

"Ile nilisaga miye," alisema. "Kwa hii mikono."

"Haukujua, mama."

"Sikujua. Sasa minajua." Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akainuka, akabeba sufuria na beseni la unga pamoja, akaenda mpaka chooni, akamwaga vyote shimoni. Aliporudi, watoto walikuwa wanalia kwa njaa.

"Hakuna ingine mu nyumba," alisema, si kwa kulalamika.

Victorine alitoa pesa alizokuwa nazo, akamwekea kiganjani bila kuzitazama. Kisha akakimbilia gari, akichechemea.

Makomeno ilikuwa kimya, kuta ndefu na miti ya jakaranda. Aliiacha Ractis kwenye kona; alisikia kelele kabla ya kuona.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa imeegeshwa kwa ubavu, imeziba geti lote la nyumba ya Hartog. Ndani ya geti, Prado nyeusi ilinguruma, haina pa kupita. Paulin alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake. Kioo cha upande wake kilikuwa kimevunjwa na damu ilimtiririka kutoka kwenye paji la uso. Hartog, mwanaume mrefu mwenye shati la kitani, alikuwa amemwekea bastola shavuni.

"Ondoa gari."

"Funguo niliitupa," alisema Paulin. Hakuiondoa mikono kwenye usukani. "Iko mu mufereji. Tafuta."

Victorine alivua viatu. Alitembea peku kando ya ukuta, Glock ikiwa imeelekea chini.

Hatua.

Hatua.

Mdomo wa Glock ukagusa nyuma ya sikio la Hartog.

"Weka chini, bwana."

Hartog hakugeuka. Alikuwa akipiga hesabu. "Madame, mimi ni mchukuzi tu. Ninaleta, wao wananunua. Sikumlisha mtu hata mmoja."

"Ninajua," alisema Victorine. "Hakuna aliyefanya kitu. Hata siku moja sijamupata aliyefanya kitu."

Kiwiko cha Hartog kikarudi nyuma ghafla. Alikuwa mwepesi. Victorine alikuwa mzoefu. Aliinama, kitako cha Glock kikashuka juu ya kifundo cha mkono wa Hartog, mfupa ukalia, bastola yake ikateleza chini ya Land Cruiser. Teke moja nyuma ya goti. Pingu.

Majirani walikuwa wamesimama barabarani, simu juu, wakipiga picha. Ilikuwa bora hivyo. Mtu aliyekamatwa mbele ya macho mengi namna ile hawezi kupotea njiani.

Polisi wa barieri, wale aliowapungia mkono waliache lori lipite, walifika na jipu lao. Aliwaita yeye kwa simu akiwa njiani, si Kanali. Aliwaambia baadhi yao wakalinde depo, wabakize gunia la ushahidi na kuchoma mengine yote, na wengine wamfikishe Hartog kwa mwendesha mashtaka kabla hajampigia simu mtu yeyote.

"Mumuulize ni nani banamufunguliaka njia," alisema. "Atasema. Bantu kama hawa banasemaka."

Paulin alishuka garini. Alinyoosha mikono yake mbele, akingoja. Victorine akamfunga pingu, polepole, asimwumize.

"Victorine," alisema. "Hii ya leo... itahesabiwa?"

Alifikiri. Alikuwa na deni la ukweli kwa mtu aliyembeba baba yake.

"Itahesabiwa. Na ile ya matanga pia. Moja haifuti ingine, yaya."

Paulin aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuijua. "Utasema mbele ya jaji, kwa tribinali?"

"Nitasema yote. Ya Hartog, na ya kwako. Na ya kwangu. Ile kamio, ni miye niliifungulia barieri."

Paulin alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wakutane siku ile bila kukwepesha macho. Kisha polisi wakampandisha kwenye jipu.

Simu ikatetemeka. Kanali Zéphirin.

"Umevunja amri, Kinu."

"Ndiyo, Kanali. Nimechelewa kuivunja."

"Unajua nini itakufuata?"

"Ninajua."

Alikata simu, akaokota viatu vyake chini ya ukuta. Alivitazama, akaona hana nguvu ya kuinama kuvivaa. Akavining'iniza kwenye vidole viwili, akapita katikati ya majirani waliompisha njia, akaushuka mtaa peku chini ya jakaranda, bila kugeuka nyuma.