Besi ya Gari la Kasimiro

Maji ya beseni yaliendelea kutetemeka baada ya redio kuzimwa. Abiriga, fundi wa redio za magari pale Awindiri, mjini Arua, aliyatazama yakichora duara ndani ya duara, akajiambia kuwa ni lori limepita. Lakini hapakuwa na lori.

Mwaka ule wa 1991 alikuwa akirekebisha, uani kwake, ikwalaiza, kifaa cha vijiti vya kupandisha na kushusha sauti, katika Korona ya Kasimiro, mfanyabiashara aliyetaka gari lake lisikike harusini Koboko kabla halijaonekana. Fundi mwenye subira hushusha kwanza vijiti vya sauti zinazozidi, na kuiacha besi ijitokeze yenyewe. Abiriga alikisukuma kijiti cha besi hadi juu, na mdundo ukatoka mpana, safi, kama wa ngoma kubwa iliyowambwa ngozi mpya.

Na ngoma kubwa ndiyo iliyokatazwa nyumbani kwake. Dada yake Hawah aliwahi kupandwa na jini kule Koboko, na mganga, bibi kizee aliyeitwa Habuba Sitti, alimtuliza jini huyo kwa agano: asisikie tena mdundo wa ngoma yake, naye hatampanda tena Hawah. Kwa ajili hiyo Abiriga alimhamishia dada yake Arua, mbali na nyumba za ngoma.

Sasa alijitolea fatwa mwenyewe: besi si ngoma, wala gari halina ngozi. Aliposikia Hawah akiguna chumbani, mguno mmoja mzito, aliishusha. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajapata kusikia sauti tamu kama ile, akaipandisha tena.

Ikaanza harufu ya udi ambao haukuwashwa na mtu, ikatoka chumbani kwa Hawah, ikapita jikoni, ikapenya hata katika viti vya gari. Na tangu alasiri ile Hawah hakula, hakuitikia salamu, alikaa ameuelekea ukuta huku kisigino chake kikipiga sakafu kwa mdundo uleule, taratibu, bila kukosea, mpaka majirani wakawa wanawavuta watoto wao ndani, na Abiriga, ambaye peke yake alijua sababu, akawa anausikia hata katika sala, kila paji la uso wake lilipogusa mkeka.

Habuba Sitti akaletwa kutoka Koboko. Alimweleza Abiriga kwamba jini aliyeitwa kwa ngoma huondoka pindi mtu aliyemwita akikiri mbele ya jini huyo na kumwomba radhi. Kisha akamwuliza kwa sauti ya chini.

“Mwanangu, nani alipiga ngoma?”

“Hapana mutu alipiga ngoma, Habuba.”

“Hata kwa mchezo?”

“Ngoma hapana iko hapa.”

Hakutamka neno lisilo la kweli, na alijua anadanganya.

Bibi kizee akashusha pumzi. “Basi alikuja mwenyewe. Huyo mimi hapana weza kutoa.” Akafunga mkoba wake wa dawa.

Kisigino kikanyamaza. Hawah akageuka, akamwinamia kaka yake sikioni, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito kuliko kifua cha mwanamke yeyote.

“Asante, ndugu yangu. Sasa hii nyumba iko yangu.”

Abiriga akafumbua kinywa. Kukiri kungetosha, lakini ingempasa kusema pia kwamba aliusikia ule mguno, na bado akaipandisha besi tena. Habuba alikuwa akivaa viatu mlangoni, polepole, kama mtu anayengoja kuitwa. Akamaliza kimoja. Akamaliza na cha pili.