Mtindi wa Migombani

Jumamosi soko la Tukuyu hujaa mpaka mtu anapita kwa ubavu. Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kwa hiyo watu walibanana kwenye kinjia kimoja kikavu kati ya mafungu ya viazi na marundo ya mitumba. Sekela alikuwa ameinama kwenye rundo la masweta, anatafuta moja litakalopita mikononi. Alijifunga kitenge cha mama yake, kile kipana cha maua ya njano, maana tangu ajifungue nguo zake mwenyewe ziligoma kufunga. Mtu mwenye mizigo akasimama nyuma yake, akasema kwa adabu kabisa:

"Mama, samahani, naomba nipite."

Sauti hiyo Sekela aliijua. Alikuwa amelala kando yake miaka mitatu. Akageuka taratibu, akakutana uso kwa uso na Jotham mumewe, mkungu wa ndizi begani, mfuko wa nyama mkononi.

Jotham alikuwa mpokeaji wa maparachichi kwenye kituo cha kukusanyia huko Kisondela, na msimu ukipamba moto alilala hukohuko mpaka mwisho wa wiki. Siku hiyo alikuwa ametoroka mapema ili amshtue mkewe. Basi alimshtua.

"Kumbe ni wewe, mke wangu!" Akacheka, halafu akaona amecheka mno. "Sikukutambua kwa nyuma. Hiki kitenge bwana."

"Kitenge kimefanyaje?"

"Hakijafanya kitu, mpenzi. Kimekupendeza."

"Kimempendeza mama," Sekela akajibu, akampokea mfuko wa nyama, wakaenda nyumbani Ibighi.

Wanaume wana bahati ya kusahau. Hadi jioni Jotham alishakula, alishambeba mwanawe Lusajo mgongoni kama farasi, na habari ya sokoni ilikuwa imeisha. Kwa Sekela haikuisha. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba mwanamume aliyekuwa akimtambua kwa mwendo wake hata kwenye ukungu, sasa anamwona kama mama yeyote wa sokoni, na kwamba siku moja hukohuko Kisondela atamwona mwingine ambaye hahitaji kuombwa apishe. Hakumwambia. Alikuwa na kiburi chake, na kiburi cha mwanamke wa Rungwe si cha kununua dukani.

Jumatatu Jotham aliporudi kazini, Sekela akaenda kwa Ummy, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, familia ikabaki. Ummy akampima kiuno kwa futi, akaguna, akasema hilo linarekebishika, alete mtoto kila asubuhi yeye atamshika. Sekela akanunua raba za mitumba. Akaacha maandazi, akapunguza sukari kwenye chai na bonge la ugali, akaanza kutembea kila kukicha kuteremkia barabara ya vumbi ya upande wa Lupepo, sweta juu, kitenge chini.

Mwanzoni mwili ulitii. Kila Ijumaa Ummy akivuta futi, futi ilikuwa na habari njema. Gauni moja likafunga, la pili likafunga kwa kushindana. Halafu, ghafla tu, mambo yakasimama. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha, kiuno palepale.

"Shoga, unakula nini?" Ummy akauliza.

Sekela akamtajia yote: uji asubuhi, maharage na ndizi mchana, mboga jioni. Hakudanganya. Kuna kitu hakukihesabu kuwa chakula, ndiyo maana hakukitaja.

Kitu chenyewe kilianza hivi. Baba mkwe wake, mzee Ambindwile, aliishi Lupepo na kila asubuhi alipandisha barabara hiyohiyo kupeleka maziwa mjini, debe likining'inia kwenye baiskeli anayoisukuma. Sekela alilelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi alimfundisha mila ya zamani ya Wanyakyusa bila kupunguza hata robo: mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anajificha mpaka apite. Wenzake wengi wa rika lake wameshaacha, wanawasalimia wakwe zao na kuwatumia picha za wajukuu kwenye simu. Sekela hakuweza. Mzee akija nyumbani Ibighi, yeye alikuwa jikoni mpaka aondoke, na Jotham, aliyekulia mjini, alidhani mkewe ana aibu tu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kofia ya mzee ikichomoza kwenye kona, Sekela aliingia migombani. Na migomba ilikuwa ya bibi Anyitike, kikongwe asiyeweza kumwona mama anayenyonyesha amechuchumaa na mkono mtupu. Alimletea kikombe kikubwa cha mtindi mzito na ndizi mbili za kuchoma. Mzee Ambindwile naye akifika hapo ana tabia ya kusimama. Atazungumza na huyu habari za mvua, na yule habari za ng'ombe, mpaka Sekela anamaliza kikombe na kuongezwa. Kukataa kungekuwa kumtukana bibi wa watu. Hiyo ilikuwa heshima, na heshima nani anaihesabu kwenye mlo?

Mwili ulipogoma, Sekela akauadhibu. Akaacha chakula cha mchana kabisa. Akapata kizunguzungu, maziwa ya Lusajo yakapungua, mtoto akawa analia usiku kucha. Muuguzi wa kliniki akamwambia bila kumbembeleza kwamba anayenyonyesha hajinyimi chakula. Mwili ukishapungua kidogo huwa unazoea, akasema, kwa hiyo aubadilishie: aanze kwa kupanda kilima badala ya kuteremka, atembee bila kusimamasimama, na akumbuke kila kinachopita mdomoni. Sekela akaitikia kila neno. La mtindi halikumjia hata hapo.

Huku nyuma, simu ya Jotham nayo ilikuwa na mambo yake. Alikuwa na mazoea ya kupiga asubuhi kabla ya magari ya parachichi kuanza kufika.

"Mpenzi, mbona unahema?"

"Nafua."

"Unafua, na nasikia pikipiki?"

"Inapita. Wewe umekunywa chai?"

Siku ya pili alikuwa anadeki, siku ya tatu anachanja kuni. Jotham akaanza kujiuliza ni nyumba gani hiyo inayodekiwa barabarani. Kisha mwenzake wa kazini, Jairo, anayepita njia ya Lupepo kila siku, akamwambia kwa sauti ya mtu anayesikitika huku amefurahi: shemeji kila asubuhi anaonekana akiingia migombani kwa akina Amoni, anatoka baadaye anajifuta mdomo. Amoni alikuwa mjukuu wa bibi Anyitike, dereva bodaboda, kijana mrefu, bado hajaoa. Na shemeji, Jairo akaongeza, siku hizi anapendeza.

Jotham hakulala. Mke anayepungua, anayedanganya kwenye simu, anayeingia migombani. Alimpenda Sekela kupita alivyowahi kusema, na sasa alihisi amechelewa kusema.

Asubuhi yake akakodi pikipiki kabla ukungu haujainuka. Akashukia mbali kidogo, akaingia shamba la bibi Anyitike kwa nyuma, matone ya majani ya migomba yakimlowesha shati. Akamwona mkewe. Amechuchumaa nyuma ya shina, raba miguuni, kikombe mkononi.

"Yuko wapi?" Jotham akauliza.

"Inama," Sekela akanong'ona. "Atakuona."

"Nani ataniona? Amoni?"

"Amoni gani? Baba yako. Inama basi."

Jotham akainama. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini alijificha ili baba yake mzazi asimwone. Wakabaki wamechuchumaa bega kwa bega, na katikati ya majani aliona gurudumu la baiskeli na gambuti za mzee, na alisikia habari za mvua zikiendelea.

"Kila siku unajificha hapa?"

"Nifanyeje? Nipite mbele yake?"

"Na pikipiki ninayoisikia kwenye simu?"

"Ya Amoni, anaenda stendi kutafuta abiria. Jotham, umekuja kunifumania?"

Jotham akainamisha macho kwenye kikombe, na hilo lilitosha. Sekela akaweka kikombe chini. Macho yalimjaa machozi ya hasira, na angesema mengi, lakini kutoka barabarani sauti ya mzee Ambindwile ikapaa, ikimwelekea bibi Anyitike aliyesimama mlangoni pa jiko lake:

"Vipi, amemaliza?"

"Bado," bibi akajibu. "Leo wako wawili."

Basi ikajulikana. Maziwa ya mtindi ule hayakuwa ya Anyitike, ambaye hata ng'ombe hana. Yalikuwa ya mzee. Alimwona mkwe wake siku ya kwanza anaruka migombani, na kila wiki akaona kitenge kile kinazidi kulegea. Kuuliza hawezi, kumpa mkononi hawezi, mila inamfunga yeye kama inavyomfunga Sekela. Akawa anashusha kipimo cha maziwa kwa Anyitike ayagandishe, kisha anasimama barabarani kuzungumza na kila apitaye, ili binti asitoke kabla hajashiba.

Jotham alitoka migombani akiwa na matope magotini, akamwamkia baba yake. Mzee akamtazama juu mpaka chini.

"Nilijua humlishi," akasema. "Mke anakonda mbele ya macho ya watu, wewe uko na maparachichi."

Jotham akaeleza, kwa shida, kwamba mkewe anapunguza mwili kwa hiari yake. Mzee akaegemeza baiskeli. Akauliza hiyo hiari imetoka wapi. Mwanawe akarudi migombani kulitafuta jibu.

Alilipata wakipandisha kwenda Ibighi, Sekela hatua tatu mbele.

"Ulinipita sokoni," alisema bila kugeuka. "Ukaniita mama. Nikaogopa hunijui tena. Nikasema nitarudi nilivyokuwa, ili unijue. Na wewe, ulipoona narudi, ukadhani ni kwa ajili ya mwanamume mwingine."

"Nisamehe."

"Lipi?"

"Yote mawili. Siku ile niliona aibu nikafanya mzaha. Nilikuja mapema kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka mpaka kazi hainiingii." Akahema, kilima kilikuwa kikali. "Sekela, mwili wako haunisumbui. Umebeba mtoto wangu."

"Mimi unanisumbua. Magoti yananiuma, nguo zangu zinanizomea. Usiniambie nimependeza, Jotham. Nisaidie. Na kunifumania sijakusamehe bado."

Kweli hakumsamehe upesi. Simu zake za kutoka kazini alizipokea, akajibu ndiyo na hapana, akamwekea Lusajo simu sikioni abwabwaje mpaka salio liishe. Jotham hakubishana. Aliacha kulala Kisondela. Kila jioni alirudi, hata mvua ikinyesha, amelowa chapachapa, na kila alfajiri alimkuta Sekela anafunga kamba za raba, naye akafunga zake. Wakawa wanapanda pamoja kuelekea juu, Jotham akiwa wa kwanza kuomba wapumzike.

"Mzee wangu, umechoka?" Sekela akamtania siku moja, na Jotham akasikia kwenye neno hilo kwamba amesamehewa. Alimshika mkono hapohapo barabarani, wapita njia wakaona, na hakuuachia.

Maziwa ya mzee hawakuyakataa. Jotham aliyaleta nyumbani, yakawa kifungua kinywa cha Sekela, kikombe kimoja, wala si nyongeza ya uji. Mchana alikula maharage yake na ndizi na mboga kwa amani, na Lusajo akanyonya akashiba. Ijumaa moja Ummy akavuta futi, akaivuta tena, akasema kwa utulivu kwamba imesogea. Ijumaa iliyofuata ikasogea tena. Sekela hakurudi alivyokuwa msichana, na alishangaa kwamba hilo halikumuuma. Alipanda kilima bila kusimama. Hilo ndilo alilojivunia.

Mavuno yalipoisha, mzee Ambindwile akatuma ujumbe. Kwenye ukoo wao mkwe aliyekwisha kuzaa hufunguliwa njia: baba hutoa ng'ombe, na kuanzia hapo kujificha kunakoma. Akaleta mtamba mwekundu mpaka nyuma ya nyumba, akamfunga, akakaa kwenye kiti uani, mikono juu ya fimbo, akisubiri.

Ndani, Sekela alikuwa amevaa gauni lake la bluu la zamani, lililofunga lenyewe. Alisita mlangoni. Jotham akampa mkono, akatoka naye. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliinua macho akamtazama mzee huyo usoni, akakuta ni uso wa Jotham, ulioota mvi tu. Akapiga magoti.

"Ndaga fijo, tata," akasema. Asante sana, baba.

Mzee aliitikia. Alimtazama kwa makini, bila haraka, kama mtu aliyengoja muda mrefu kupata ruhusa ya kutazama. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuwahi kuweza kumwuliza mwenyewe.

"Mwanangu, umepungua. Huyu kijana anakulisha kweli?"

Jotham akafungua mdomo kujitetea. Sekela akambana mkono anyamaze.

"Ananilisha, tata," akajibu. "Nilitaka mwenyewe."