Mgeni Aliyeitikia Karibu

Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Ndiyo adabu, na mtaani kwetu Jabe hata mtoto anayenyonya angeisema kama angejaliwa ulimi. Naye anayekaribishwa ana adabu yake: anajibu, "Aksanti, mukule tu," anapita zake, hata kama tumbo linamnguruma. Karibu ya chakula ni ya mdomoni. Kila mtu anaitoa, na mwenye akili haiitikii. Mzee Shaabani aliijua desturi hiyo umri wake wote, ndiyo maana kwa yaliyompata hakuna mtaani anayemlaumu, ingawa wapo wanaomsengenya.

Ilikuwa Jumanne, siku kama siku nyingine. Alipika wali, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akapakua kwenye bakuli la bati lenye kifuniko, akalifunga kwa kitambaa na kupanda baiskeli yake. Huyu alikuwa fundi wa radieta za magari, mashuhuri wakati wake, kabla mgongo haujamkatalia kazi. Mkewe Asiya alifariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo mzee hakuweza kumeza tonge ndani ya nyumba ile. Alijaribu. Aliketi kwenye mkeka, akasema bismillahi, na ukimya wa nyumba ukamwinua kabla hajatia mkono sahanini. Tena alikuwa bado anapikia watu wawili, kwa sababu mkono ulishazoea kipimo hicho.

Msije mkadhani hakuwa na mtu. Alikuwa na binti, Amira, mmoja tu, na binti huyo alikaa mtaa wa Carama na mumewe na mtoto wao. Kosa la Amira lilikuwa mume. Bonfils alikuwa karani wa serikali, mpole, mtu wa kanisani kila Jumapili, na Shaabani aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ile wala mkono wake hautagusa sahani yake. Hata siku ya mazishi ya Asiya, Bonfils alipomnyooshea mkono, mzee alijifanya anatafuta tasbihi mfukoni. Kiburi ni nguo isiyompa mtu joto, lakini yeye aliivaa.

Kila Ijumaa baada ya sala Amira alimpigia simu.

"Papa, kuja ukule kwetu. Mutoto anakuuliza."

"Mi niko sawa."

"Uko sawa na nani, Papa?"

Hapo mzee alikuwa anakata simu.

Chakula chake alikwenda kukilia kwenye bustani ya kupigia kambi kando ya ziwa, njia ya kwenda Gatumba. Zamani palikuwa mahali pa raha. Jumapili familia zilichoma mbuzi, wanafunzi walipiga mahema, maharusi walipanga foleni ya kupigwa picha. Kisha ziwa likapanda. Likameza uwanja wa mahema, likameza vibanda vya chini na meza zake za saruji, na sehemu hiyo halikuirudisha. Zilibaki meza chache za juu, na kule majini mapaa ya vibanda yalichomoza kama kofia za watu waliosimama. Siku za kazi hapakuwa na mtu isipokuwa Audace, mlinzi wa getini, ambaye alikata tikiti akarudi kusinzia.

Jumanne hiyo jua lilikuwa la utosi. Mzee alifungua bakuli, akanawa mikono kwa maji ya chupa. Kabla hajatia tonge akaona mtu anapita upande wa ziwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti safi kama anayekwenda harusini, suruali ameikunja mpaka magotini. Mzee hakuwaza mara mbili. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Karibu, tukule."

Mtu yule akasimama. Akageuka taratibu.

"Aksanti," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekaribia."

Akaja, akaketi.

Shaabani alishtuka, kisha akafurahi. Tuseme kweli, alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Tangu msiba hakuna mkono mwingine uliokutana na wake ndani ya sahani. Walikula. Mgeni alisema machache, lakini alijua kusikiliza. Mzee akamweleza habari za radieta, za Asiya, za mgongo. Mgeni akatikisa kichwa kila palipostahili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na mchana ule mwenyeji alijiona amepona. Alipoulizwa anatoka wapi, mgeni alijibu, "Mi ni mutu wa hapa tu," akaaga, akateremka alikotoka.

Mzee alipofunika bakuli ndipo alipoona wali haujapungua upande wa mgeni. Alikuwa ameuona mkono wake ukienda mdomoni, tena mara nyingi. Lakini wali ulikuwa palepale. Akachota kidogo, akaonja. Ulikuwa chapwa, hauna chumvi, hauna mafuta, hauna hata ladha ya wali. Ilikuwa kama kutafuna karatasi.

Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Mgeni alitokea kila siku pale pale, na mzee alimkaribisha kila siku, sasa si kwa mdomo tu bali kwa moyo. Chakula kilizidi kupoteza ladha. Mwanzoni ni kile alichobakisha mgeni, halafu ni chochote mzee alichotia mdomoni, hata chai ya nyumbani, hata kipande cha limau. Alijaza chumvi kwenye maharage mpaka ikawa inang'aa. Hakusikia kitu. Mashavu yakamwingia ndani, na kanzu ikaanza kumpwaya mabegani.

Jirani yake Mwantum, mjane anayeuza maandazi, alimsimamisha mlangoni.

"Unakula na nani huko kila siku, muzee?"

"Na rafiki."

"Rafiki? We unakauka na unasema rafiki." Akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wazazi wetu hawakuwa wajinga. Mutoto wako iko Carama, enda kwake."

Mzee akamwambia auze maandazi yake. Lakini methali ile ilimganda sikioni siku nzima.

Alhamisi moja Audace alimkamata getini, uso umekunjamana.

"Muzee, rafiki yako ataniletea matatizo. Namuona pale mezani kila siku, lakini tikiti hajakata hata moja. Mukubwa atasema mi nakula pesa."

"Si anapita hapa kwako?"

"Apana. Hapa sijamuona kupita."

"Basi anapita upande ule wa chini."

Audace akatazama ziwani. Akasema kwa kunong'ona, "Upande ule hakuna njia, muzee. Ni maji tu. Na viboko."

Siku hiyo mgeni alipoondoka, Shaabani alimfuata kwa macho, kisha kwa miguu. Ufukwe ulikuwa matope matupu. Nyayo za korongo zilikuwepo. Nyayo zake mwenyewe zilikuwepo. Za mgeni hazikuwepo.

Alifika nyumbani, akafunga mlango kwa komeo. Akaapa hatarudi. Usiku alisoma aya zote alizozijua, na asubuhi akapika, akatandika mkeka, akaketi ale kwake kama watu. Alitia tonge mdomoni, likagoma kushuka. Hakukuwa na hodi. Hakukuwa na kikohozi cha mtu. Saa ilikuwa imesimama ukutani tangu msiba, na hapakuwa na wa kumwambia aitie betri. Upweke una nguvu kuliko woga, na asiyeamini hajawahi kula peke yake mwaka mzima. Alipotoka sala ya Ijumaa alichukua bakuli lake, akapanda baiskeli.

Alijidanganya kwamba anakwenda kuaga tu.

Mgeni alikuwa ameshafika. Hakuketi. Na safari hii yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Nimekula chako siku nyingi. Leo ni zamu yangu. Karibu kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

Mgeni akanyoosha kidole ziwani.

Mzee akatazama. Jua lilikuwa kali, maji yanametameta, akakinga macho kwa mkono. Chini ya mapaa yale meza zilikuwa zimeandaliwa. Watu walikuwa wameketi. Wanaume, wanawake, watoto. Walikuwa wengi, na wote walikuwa wamempa mgongo. Hakuna aliyeongea. Maji yaliwafika kifuani na hayakutikisika.

"Siwezi," mzee akasema.

"Mutu hakatai chakula cha mwenzake," mgeni akasema kwa upole. "Na bibi yako amekuwekea nafasi. Asiya iko pale."

Hakuna kitu kingine duniani ambacho kingemtoa mzee yule pale alipokuwa. Jina lile lilimtoa. Alijua ni nini anaitiwa. Alijua akila pale harudi. Akavua viatu. Hatua ya kwanza, maji yakawa ya moto. Hatua ya pili, yakawa baridi. Mgongo uliomuuma miaka haukuuma tena. Njaa ikamshika, njaa ya kweli, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasikia harufu ya wali. Wali wa Asiya. Maji yakamfika magotini.

Simu ikalia mfukoni.

Ilikuwa Ijumaa, na sala ilikuwa imekwisha. Vidole vyake viliitoa simu kwa mazoea.

"Papa," Amira akasema. Hakubembeleza kama siku zote. Sauti ilikuwa imechoka. "Mi sitakuuliza tena kama utakuja. Nakwambia tu kwamba tumekuwekea chakula. Kila Ijumaa tunakuwekea. Tunaingoja mpaka inapoa, halafu Bonfils anasema tusiitupe, pengine Papa iko njiani."

Mzee alisimama majini. Mbele yake watu wale walianza kugeuka. Polepole. Wote kwa pamoja.

Hakungoja kuona nyuso. Akafumba macho, na kwa ulimi mzito akamwambia mgeni neno pekee ambalo adabu inaliruhusu.

"Aksanti. Lakini kuna mutu alinikaribisha kwanza, mbele yako."

Mgeni hakukasirika, na mzee anasema ni hilo lililomtisha kuliko yote.

"Haina shida," mgeni akanong'ona karibu kabisa na sikio lake. "Kama we hauji kwetu, sisi tutakuja kwako."

Alifika Carama peku, kanzu imelowa mpaka magotini, ametoka jasho la homa. Hata nyumba hakuijua. Aliuliza njiani kwa Bonfils karani ni wapi, kama mgeni wa mji. Amira alipofungua mlango alimshika mkono tu kama anayeogopa atateleza. Bonfils alileta maji ya kunawa, akapiga goti, akammiminia mwenyewe mikononi. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa na sahani nyingine. Mzee akala. Tonge la kwanza lilikuwa chapwa. La pili pia. La tatu akasikia chumvi kwa mbali, halafu kitunguu, halafu pilipili ikamwasha, akaangua kilio mbele ya mkwe wake bila kujificha. Alikula mpaka akakomba sahani. Walimtandikia kitanda cha mtoto, akalala usingizi wa mtu aliyesamehewa.

Asubuhi Bonfils akapewa funguo aende Jabe kumchukulia mzee nguo. Alikawia kuliko ilivyotazamiwa. Alirudi mikono mitupu, midomo imekauka, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Papa," akasema, "jana uliacha wageni kwako?"

"Wageni gani?"

"Mama Mwantum amekasirika. Anasema jana tangu alasiri nyumba yako ilijaa watu. Sahani zinalia, watoto wanacheka. Anasema umefanya karamu na hata kumwita haukumwita." Akageuza funguo mkononi. "Mi nilikuta mulango umefungwa kwa ufunguo. Nikafungua. Mukeka umetandikwa. Sahani zimejaa sebule nzima, Papa, mpaka ukumbini. Nyingi sana. Zote zimekombwa safi, hakuna hata punje."

Amira alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni.

"Isipokuwa mbili," Bonfils akasema. "Mbili ziko pamoja, pale kwenye ukuta wa dirisha. Hizo hazikuguswa. Na wali wake..." Akamtazama mzee. "Wali wake ulikuwa bado unatoa moshi. Saa hii ya asubuhi."

Amira alimtazama baba yake akiwa mweupe midomoni, akadhani ni hofu, na hofu ilikuwepo kweli. Lakini mzee alikuwa anaifikiria ile sahani ya pili. Yake mwenyewe hakuishangaa. Asiya, maisha yao yote ya ndoa, awe mzima au mgonjwa, hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla mumewe hajaanza. Hata mzee alipochelewa gereji mpaka giza, alimkuta mkewe ameketi mbele ya chakula, mikono mapajani.

"Basi bado ananingoja," akasema, na hakusema kwa sauti ya mtu anayeogopa.

Amira akamnyang'anya Bonfils funguo mkononi, akazitumbukiza kifuani mwake. Hajazirudisha mpaka leo, na mzee hajaziomba. Nyumba imefungwa, vumbi limeshaziba matundu ya dirisha. Ila Mwantum anasema ukipita mbele ya mlango ule saa za mchana, unasikia harufu ya wali ulioivishwa sasa hivi.