Mstari Nilioruka Kwenye Barua ya Kombe la Kaka

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, naishi Mikumi na mama. Nina aibu mno. Hata shikamoo yangu wakubwa huniambia niirudie! Haya yamekaa kwenye daftari langu muda mrefu... nimechoka kuyabeba peke yangu.

Kaka yangu Elia alichezea timu ya taifa ya raga. Mtaani walimtania, eti mchezo gani huo wa kugombea papai? Naye alicheka nao. Mwaka jana pikipiki aliyopanda iligongana na lori barabara kuu, akija kutuona. Hakufika.

Tulipoanua matanga, wajomba walikaa mkekani wakagawana vitu vyake, kama desturi yetu ilivyo. Viatu vya raga vikaenda na mjomba wa Zombo, jezi ikaenda na wa Kisanga. Mama hakupewa kitu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, asibaki hata na soksi yake!

Ndipo likaja kombe...

Wenzake wa timu walilitengeneza kumkumbuka, lishindaniwe kila mwaka kati ya Tanzania na Burundi. Mechi ya kwanza ingechezwa Kilosa, na mpaka siku hiyo kombe likae kwetu. Lilikuja na barua ya Kiingereza. Mama hakusoma shule, akaniita.

"Hebu nisomee, mwanangu. Wewe ndiye macho yangu."

Nikamsomea kwa Kiswahili. Jina la kaka. Shukrani kwa familia. Kisha mstari uliosema mshindi ataondoka na kombe... Nikainua uso. Mama alikuwa analifuta kwa kanga yake, anatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimeyaona meno yake!

Nikauruka ule mstari.

"Kwa hiyo wametupa?"

"Ndiyo, mama."

Kwa nini nilisema hivyo? Ilikuwa huruma, au woga tu? Nilijiambia Tanzania ikishinda, nitawaomba wenzake kaka watuachie. Mimi, niombe! Mimi nisiyeweza hata kunyoosha kidole darasani!

Mama aliliweka kando ya picha ya kaka. Kila asubuhi alilisalimia, "Umeamkaje, Elia?" Na kila jioni mimi niliandika: kesho nitamwambia. Kesho... kesho...

Siku ya mechi alilibeba mwenyewe mpaka Kilosa, eti Elia naye aione mechi yake, amelifunga kwenye kanga kama kichanga. Tukashindwa, tena dakika za mwisho. Mama akaitwa, akampa nahodha wa Burundi kombe, akampongeza vizuri tu. Kumbe alidhani ni la kupigia picha!

"Haya baba, picha umeshapiga. Nipe sasa nimrudishe mwanangu nyumbani."

Yule kijana akaduwaa. Mama akashika mkono mmoja wa kombe, akang'ang'ania.

"Mama, achia! Hilo siyo sufuria lako!" mtu akapaza sauti. Watu wakacheka.

Nahodha hakucheka. Aliinama akasema taratibu, "Samahani sana, mama. Barua tuliandikiwa wote."

Mama akageuka, akanitazama. Vidole vyake vikaachia, kimoja kimoja...

Tulipofika nyumbani ndipo akauliza, "Ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi Elia nimemzika mara mbili. Na hii ya pili hata hukuniambia kama kuna msiba."

Wasomaji wenzangu, nawasihi, hasa ninyi wapole kama mimi. Ukimya wetu watu huuita adabu, kumbe mara nyingine ni uongo uliokaa vizuri. Mtu akikupa barua yake umsomee, msomee yote, hata kama itamliza! Mama angelia ndani, na mimi, siku moja. Si mbele ya uwanja mzima.

Mama anasema amenisamehe. Tunakula pamoja, ananiita mwanangu. Lakini jana meseji iliingia kwenye simu yake nikiwa nimekaa ubavuni pake. Akaitazama, akanitazama... Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa jirani kusomewa.