Saa za Boti za Ijumaa Iliyopita

Kila asubuhi baada ya sala, Mwanaharusi alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kibiti, akaosha vyombo, ndipo akashika simu. Asubuhi hiyo shangazi yake, Mashavu, alikuwa mkekani akikunja kanga. Binti wa shangazi, Sijaona, alikuwa anaolewa kesho kisiwani Mafia, na boti ya kutoka Nyamisati ni moja tu kwa siku.

"Mwanangu, hebu nitazamie boti inaondoka saa ngapi."

Mwanaharusi alifungua ukurasa wa boti. Data hakuiwasha; bando lililobaki alilitunzia tamthilia yake ya jioni. Ukurasa ukatokea vilevile. "Saa kumi jioni, shangazi. Zimebaki nafasi tatu."

"Umeangalia sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi tuna wasaa. Lete hina. Mama wa bibi harusi haendi ukweni na visigino kama gamba la kaa."

Wakacheka. Mguu wa kwanza ulipokwisha, shangazi, mzaliwa wa delta ajuaye mwendo wa maji, akatikisa kichwa. "Ajabu lakini. Ijumaa iliyopita baba yako mdogo aliondoka saa kumi, ilikuwa bamvua, maji makubwa. Leo ni maji mafu, yasiyojaa sana, na saa ni ileile? Boti ile hungoja maji yajae, na saa ya kujaa huhama kila siku."

Mwanaharusi akaweka hina chini, akaitazama tena simu. Ijumaa ile yeye ndiye aliyemtazamia baba mdogo saa ya boti, na nafasi zilikuwa tatu vilevile. Simu ilimwonyesha nakala iliyojiwekea siku ile.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini shangazi angeikosa ndoa ya mwanawe.

"Shangazi, nimekudanganya. Sikuwasha data. Hii ni ya Ijumaa." Akaiwasha, ukurasa ukabadilika. "Inaondoka saa nne asubuhi hii."

Shangazi akautazama mguu wake. "Saa nne. Na mimi nina hina upande mmoja."

Mwanaharusi akatoka mbio hadi kwa jirani yao mwenye duka, Bi Insiya, aliyekuwa akipakia unga kwenye kirikuu, gari lake dogo la mizigo, kupeleka Nyamisati. Mwanaharusi alimsimulia yote.

"Mwambie aje na mguu wake huohuo," alisema Bi Insiya.

Wakabanana watatu mbele. Njiani Bi Insiya alimweleza Mwanaharusi: "Simu huweka nakala ili ukurasa ufunguke upesi na bando lisiliwe. Picha ya boti haibadiliki, acha ikae. Saa na nafasi hubadilika kila siku. Hizo uliza upya kila mara."

Walipofika, boti ilikuwa bado imefungwa kamba, alhamdulillahi, na nafasi ilipatikana. Shangazi alichechemea hadi gatini, mguu umeviringishwa mfuko wa plastiki, abiria wakimtania kwamba bibi harusi amezeeka.

"Nisamehe, shangazi," alisema Mwanaharusi.

"Nimeshasamehe. Umesema kweli wakati ingali inafaa. Ila ujue, habari ni amana. Anayekuuliza saa ya safari amekukabidhi safari yake. Usimpe ya juzi ukamwambia ni ya leo."